Binti wa Chai Hakumuua Nahodha

Marahaba. Shikamoo zenu nimeziona kwenye simu, ingawa nina miaka thelathini na mmoja tu na kila nikiitikia najisikia kama nimevaa koti la bibi yangu. Nimeona pia kipande cha video mlichoambatanisha, ninyi watatu wa Endagikot, mkiomba nikisikilize niwaambie kama mnafaa kuingia katika kazi ya kutafsiri muvi. Nimekisikiliza mara nne. Sauti zenu ni nzuri. Kiingereza chenu ni kizuri kuliko changu nilipoanza. Na nimekasirika kiasi kwamba nimeacha maharage yangu juani nikaingia ndani kuwaandikia.

Mmechagua ile filamu mpya ya kifo cha nahodha. Juu yake mmeandika kwa herufi kubwa: DADA WA KAZI NI NYOKA.

Hayo maneno ndiyo yaliyonitoa shambani. Sasa nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu filamu hiyo ndiyo iliyonistaafisha.

Nilifanya kazi hii miaka saba katika banda la video la Mzee Tluway, pale Endasak, tangu nina miaka kumi na tisa. Banda lilikuwa la mabati, lenye mabenchi kumi na mawili na televisheni moja, ambayo baadaye ilipumzishwa ikaja projekta na shuka jeupe. Mimi nilikaa pembeni kushoto na maiki. Waigizaji wakizungumza Kiingereza, mimi nazungumza Kiswahili juu yao, papo hapo. Watu waliniita Maiki, na wapo watu wazima wanaodhani hilo ndilo jina langu la ubatizo.

Hakuna aliyenifundisha. Kidato cha nne Kiingereza kilinishinda. Nilijifunza baadaye, nyumbani, kwa kamusi ya kurithi iliyokuwa imenyofoka kurasa za mwanzo, na mpaka leo maneno yanayoanza na herufi A yananitia wasiwasi. Nilikuwa mtu wa wasiwasi kwa ujumla. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika kila filamu, dakika kwa dakika, nani anasema nini na mimi nitasema nini. Sentensi moja ningeweza kuifuta mara kumi. Nawaambia haya bila kujisifu. Wengine hudhani kupenda usahihi ni tabia njema. Kwangu ilikuwa hofu iliyovaa nguo safi.

Mzee Tluway hakujua Kiingereza hata kidogo. Alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano kabla ya kufungua banda. Lakini ndiye aliyenipa somo la kwanza. Nilikuwa nimeiga wale watafsiri wanaopiga kelele kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mtu alipokuwa anapanda ngazi taratibu kwenye giza mimi nilikuwa naeleza kwamba anapanda ngazi taratibu kwenye giza. Mzee akaja akanishika bega.

"Mwanangu, hawa watu wana macho?"

"Wanayo, mzee."

"Basi waachie macho yao. Wewe wape masikio."

Mengine niliyagundua mwenyewe kwa kuaibika. Majina, kwa mfano. Filamu ya upelelezi ya Waingereza ina watu kumi na wanne, wote wana majina yanayofanana na wote wamevaa koti la kijivu. Usiyataje. Wape watu vyeo: mpwa, daktari, mjane, mtunza bustani. Mpelelezi mwite afande hata kama si polisi. Na salamu usizidharau. Filamu ya kwanza niliyotafsiri, kijana wa polisi aliingia kwa watu wazima akaanza kuuliza maswali, na benchi zima la mbele likamchukia palepale. Walidhani ndiye muuaji kwa sababu hakuamkia. Tangu siku hiyo kila kijana katika filamu zangu alisema shikamoo, atake asitake.

Jambo jingine: acheni nafasi. Watu wetu wamezoea slufay. Mzee wa Kiiraqw akisimama kutoa baraka, anasema kipande, waliokaa wanaitikia, anasema kingine. Mkimimina maneno bila kupumua mnawanyima zamu yao. Mimi nilikuwa nasema, "Afande anauliza, nani alikuwa na ufunguo?" kisha nanyamaza, na mabenchi yanajibu. Walikosea mara nyingi, lakini walijibu.

Filamu hizi zilikuja kwetu ndani ya sanduku la CD aliloliacha padre mmoja aliyehamishwa. Mabanda mengine yalionyesha vita na ngumi. Sisi tukaonyesha Waingereza wakinywa chai na kuuana. Nilidhani watu watalala. Badala yake walikuja zaidi, kwa sababu filamu ikiisha walibaki kubishana kama wako barazani. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa kutoka Dirma ambaye siku za mnada hakukosa. Siku ya kwanza alitazama jumba la vyumba thelathini, akauliza kwa sauti:

"Nyumba kubwa hivyo, ng'ombe wako wapi?"

"Hawana ng'ombe, mzee," nikamjibu kwenye maiki.

"Hata mmoja?"

"Wana mbwa."

Akafikiri kidogo. "Basi nimeshajua kwa nini wanauana."

Sasa nije kwa nahodha, kwa sababu huko ndiko mlikoniudhi.

Hadithi yenyewe ni ya kitabu cha zamani. Nilikiazima katika maktaba ya shule ya sekondari, toleo lililorahisishwa kwa wanafunzi, nikakisoma mara tano. Nahodha mstaafu, tajiri, anakutwa amekufa kitini ndani ya nyumba ya vioo anamooteshea maua. Mkononi mwake kuna kikombe cha chai, na mabaki ya chai yana sumu. Anayepeleka chai kila siku ni binti wa kazi. Nyumba nzima inamnyooshea kidole. Afande anakuja, mtu wa makamo mwenye kikohozi, anachungulia ndani ya kikombe, anaona mabaki ni ya chai ya maziwa. Anamwita binti. Binti anasema: nahodha hanywi maziwa, tumbo lake linayakataa, mimi nimempelekea chai ya rangi kwa miaka sita. Hicho cha maziwa ni kikombe changu, nilikiacha jikoni.

Kwa hiyo chai haikumuua mtu. Sumu ilikuwa kwenye dawa ya kifua aliyopewa na mpwa wake. Mpwa alitaka binti ashikwe, akachukua kikombe cha kwanza alichokiona jikoni, akakitia sumu, akakiweka mkononi mwa maiti. Alikuwa amekula katika nyumba ile tangu utoto, na siku zote hakuwahi kutazama binti anamwagia nani chai gani.

Kwetu jambo hilo halihitaji kufafanuliwa. Mtu akikupa chai ya rangi wakati ng'ombe wake anakamuliwa, umepewa ujumbe. Kila mama aliyekaa pale bandani anajua nani kwake anakunywa nini. Nilipoonyesha filamu ya kwanza, mama mmoja alisema kabla ya afande, "Ndugu wa nyumbani hajui mzee anakunywa chai gani? Huyo ndiye."

Filamu za nahodha zimetengenezwa tatu nilizoziona. Ya kwanza haina rangi. Ni ya polepole, na CD yetu ilikuwa na mikwaruzo. Lakini kamera inapoingia ndani ya kikombe inakaa humo mpaka unaweza kuhesabu hadi tisa, bila muziki. Na binti anapozungumza anaachiwa dakika nzima, uso wake tu, hakuna anayemkatiza. Pale mimi nilinyamaza kabisa, nikamwacha amalize kwa Kiingereza, ndipo nikatafsiri. Hamjawahi kusikia banda la mabati likiwa kimya namna ile.

Ya pili ni tamthilia ya televisheni, ina rangi, ina maua mazuri. Huko binti amenyang'anywa maneno. Habari ya maziwa afande anaisoma kwenye shajara ya marehemu, peke yake, anajipongeza. Binti amebaki wa kufungua mlango. Anafungua mlango mara saba. Nimehesabu, na kila mara nilitamani aufunge.

Ya tatu ni hiyo yenu. Mvua kutoka mwanzo mpaka mwisho, kamera inatetemeka kana kwamba aliyeishika ana homa. Kikombe kimepigwa picha kwa juu, mvuke unapanda kama tangazo la majani ya chai, na hakuna hata mtu mmoja anayechungulia ndani. Kisha mwishoni muuaji ni binti. Mpwa ni mtu mwema aliyefiwa.

Nitasema ukweli, picha yake ni safi, na kuna jambo moja jema: inaonyesha chumba cha binti, kidogo, chenye baridi, dirisha limezibwa kwa gazeti. Filamu ya kwanza haikujali alilala wapi. Lakini wamemwonyesha chumba chake ili tuamini ana sababu ya kuua. Nilisikia watu wakitetea kwamba wanaokijua kitabu lazima washangazwe. Washangazwe na nini? Kwamba mwenye makosa ni mfanyakazi wa ndani? Habari hiyo inamshangaza nani hapa duniani?

Sasa mtajua kwa nini linaniuma.

Paskalina tulisoma naye darasa moja la msingi. Alifanya kazi za ndani katika nyumba moja Babati miaka minne, akarudi Endasak na begi moja. Haikupita wiki mbili, neno likamfuata: mama mwenye nyumba amekosa mkufu wake wa dhahabu. Hapakuwa na polisi wala kesi. Kulikuwa na neno tu, na neno lilipanda mlima na kushuka. Miezi mitano ikapita. Shule yetu ya msingi ikatafuta mpishi wa uji, na mpishi ndiye anayeshika ufunguo wa stoo ya mahindi na maharage waliyochanga wazazi. Jina la Paskalina likatajwa. Hakuna aliyepinga mapishi yake. Walisema, "Anajua kupika, lakini ufunguo?" Kamati ya shule ikapanga kuamua siku ya Jumatatu, chini ya Mzee Boay, mwenyekiti.

Mzee Boay alikuwa haachi banda Jumamosi mchana. Paskalina na mama yake pia walikuja, benchi la pili. Mimi nikapata wazo, na nililipenda kama mtu anavyopenda sentensi aliyoifuta mara kumi. Nitaonyesha nahodha. Watamwona binti wa chai akisingiziwa, watamwona akisafishwa, na Jumatatu watakwenda kwenye kikao wakiwa na kikombe kile kichwani. Sikumwambia mtu. Nilijiona afande.

Kilichoniponza ni mikwaruzo. Mara ya mwisho tulipoonyesha ile filamu ya kwanza, kijana mmoja aliuliza, "Maiki, mbona mvua inanyesha ndani ya nyumba?" na banda likacheka. Nililibeba hilo wiki nzima. Nikaagiza kwa mwenye duka la filamu Katesh: nitafutie nahodha aliye safi. Flashi ikaja kwa bodaboda Jumamosi hiyohiyo, saa moja kabla ya onyesho. Jina lilelile, nahodha yuleyule kwenye picha ya nje, nyumba ya vioo ileile.

Sheria yangu ilikuwa sitafsiri filamu ambayo sijaitazama mara tatu. Miaka saba sikuivunja.

"Umeitazama?" Mzee Tluway akauliza.

"Ni ileile, mzee, ila safi."

"Nimekuuliza umeitazama."

"Naijua kichwani."

Akanitazama, akaenda kuwasha jenereta.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa mtamu. Nilijua binti ni mwema, kwa hiyo kila neno lake nililipa upole. "Mwangalieni binti wa chai," nikasema kwenye maiki. "Tazameni anavyofanya kazi yake." Kikombe kikaja. Nikatulia, nikisubiri kamera iingie. Haikuingia. Nikajiambia wataingia baadaye. Dakika kumi, ishirini. Maziwa hayakutajwa.

Kisha binti akakaa mbele ya moto, analia, akasema ameua. Alichukia kengele ya nahodha, alisema. Kila kengele ilipolia alihesabu.

Mabenchi yalinigeukia. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Benchi la pili nilimwona Paskalina ameinua uso, anasubiri.

"Anasema," nikaanza, "alimwona mpwa akitoka jikoni na kikombe."

Wakaitikia. Waliitikia vizuri kabisa. Kwenye shuka polisi wawili wakaingia wakamfunga binti pingu.

"Wanampeleka akatoe ushahidi," nikasema.

"Kwa pingu?" mtu akauliza nyuma.

"Kule kwao mashahidi wanalindwa sana."

Watu wakacheka, na mimi kwa nusu dakika nilidhani nimevuka. Ndipo Mwalimu Naman akasimama, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu mpole ambaye huwa anakaa karibu na mlango. Alivua kofia kwanza.

"Samahani, Dada Maiki. Huyu binti hajasema hivyo. Amesema ameua yeye. Amesema mara mbili."

"Mwalimu, labda lafudhi," nikasema.

"Lafudhi ni ya kawaida, dada."

Mzee Boay hakugeuka. "Tluway, rudisha nyuma."

Mzee Tluway akarudisha. Binti akakaa tena mbele ya moto, akalia tena, akasema tena.

"Tafsiri," akasema Mzee Boay.

Nikasema, "Ameua yeye." Spika zetu zilikuwa mbili na zote zilikuwa nzima siku hiyo.

Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Kumbe." Neno moja tu. Mama yake Paskalina akajifunga kitenge chake upya, wakatoka, na watu wakavuta magoti kuwapisha kana kwamba wana matope.

Nilishika maiki nikajaribu kueleza. Kwamba kitabu hakisemi hivyo. Kwamba filamu ya kwanza haisemi hivyo. Kwamba hawa wapya wamebadilisha. Nani angenisikiliza? Nilikuwa nimeshikwa na uongo mkononi, ungali moto. Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haijapoa: wao walimbadilisha muuaji huko Uingereza wakaitwa wabunifu. Mimi nilimrudisha mahali pake Endasak nikaitwa mwongo. Tena nilikuwa mwongo kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba walionivua nguo hawakukosea.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda kwa kina Paskalina. Alikuwa anapepeta maharage uani. Hakusimama.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Nilitaka watu waone huna hatia."

"Uliniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Kama nina hatia."

Ungo ukaendelea. Mimi nilijua idadi ya milango aliyofungua binti wa filamu ya pili. Nilijua kamera inakaa ndani ya kikombe kwa hesabu ya tisa. Paskalina alikuwa amerudi miezi mitano, nyumba ya saba kutoka kwetu, na sikuwahi kumuuliza kilichotokea Babati.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema.

"Sasa nimechoka. Kesho nitasema pale panapotakiwa."

Jumatatu nilikwenda kwenye kikao bila kualikwa. Kilikuwa darasani, wajumbe wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Niliomba kusema. Nikakiri kwamba nilidanganya, kisha, kwa sababu sijui kukiri kwa kifupi, nikaeleza filamu zote tatu, kikombe, maziwa, mpwa, shajara, mvua. Mzee Boay alinivumilia mpaka mwisho.

"Binti," akasema, "hapa tunatafuta mpishi wa uji."

Wakacheka. Kisha akauliza swali ambalo nawaachia ninyi watatu mlijibu kama mnaweza: "Kama huyu Paskalina hana kosa, wewe ulidanganya kwa ajili ya nini?"

Niliona kwamba uongo wangu ulikuwa umemwongezea yeye mzigo, mtu wa kudanganyiwa, mtu ambaye ukweli haumtoshi. Nikataka kuendelea kusema, nirekebishe, nifute nianze upya. Paskalina akanishika mkono.

"Kaa, Maiki. Nasema mwenyewe."

Akasema hivi, kwa sauti ya kawaida tu. Habari ya mkufu ilikuja kwa ujumbe kwenye simu ya mjomba wake, na ujumbe bado upo. Mama wa Babati ameandika kwamba mkufu aliuvaa harusini juzi yake na leo haupo. "Siku ya hiyo harusi mimi nilikuwa na wiki nzima hapa," akasema. "Niliondoka kwake kwa sababu alinihamishia kulala stoo. Wiki hiyo yote, mpaka siku ya ujumbe, nilikuwa shambani, napanda maharage na Mama Tarmo. Mama Tarmo yupo hapa."

Wote wakamgeukia Mama Tarmo, mjumbe wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Ni kweli tulipanda," akasema. "Mjomba wake alikuja shambani na simu mkononi."

"Na hukusema miezi yote hii?" nikamuuliza, na sauti ilinitoka vibaya mbele ya wakubwa.

"Mwanangu, walikuwa wanasema mkufu umeibwa. Hakuna aliyesema umeibwa lini."

Simu ya mjomba ikaletwa. Ikazunguka mkono kwa mkono, kila mjumbe anasoma kwa midomo. Mzee Boay alisoma mara mbili, akairudisha.

Mngedhani wangemwomba radhi. Mimi nilidhani, nilikuwa nimekaa vizuri kabisa kuyasikiliza maneno hayo. Mzee Boay akasema, "Tumesikia, na tumeona. Lakini maneno yameshatembea, na mahindi ni ya wazazi." Wakaamua hivi: Paskalina apewe kazi, ila mlango wa stoo utiwe makufuli mawili. Ufunguo mmoja ashike Paskalina, mwingine ashike Mama Tarmo, na stoo isifunguliwe mpaka wote wawili wawepo.

Nilisimama kupinga. Paskalina akasema kabla yangu, "Makufuli yawe imara. Mlango huo umelegea."

Jioni hiyo nilimrudishia Mzee Tluway maiki. Alisema nitarudi. Sikurudi, na baadaye simu zenu zikaja zikammalizia wateja, akafunga banda akawa anahifadhi mahindi humo. Hakuwahi kunilaumu. Alisema tu kwamba siku ile jenereta ilikuwa na mafuta ya kutosha kungoja nitazame kwanza.

Kwa hiyo, ninyi watatu. Tafuteni filamu ya kwanza, ile yenye mikwaruzo. Itazameni, na ya pili pia, kisha yenu. Mkitaka kutafsiri hii mpya, tafsirini ilivyo, neno kwa neno, msiweke uongo wangu. Wakisema binti ameua, semeni wamesema ameua. Lakini maneno yale mliyoandika juu hayamo kwenye filamu yoyote. Yale ni yenu. Yafuteni leo. Kuna mtu Endagikot anamwosha mtoto wa mwenzake sasa hivi, na video yenu itamfikia kabla ya mshahara.

Makufuli mawili yalikaa miaka miwili na miezi kadhaa. Kila asubuhi ya shule Mama Tarmo alishuka kilima na ufunguo wake, mvua au jua, wakafungua pamoja, wakapima, wakafunga pamoja. Hakuna punje iliyopungua. Kisha asubuhi moja Mama Tarmo alifika akihema, akamtupia Paskalina ufunguo. "Chukua na huu. Magoti yangu yamekataa." Hapakuwa na kikao. Mzee Boay alipita baadaye, akaona kufuli moja limening'inia bila kufungwa, akapita.

Niliposikia nilikimbia mpaka jiko la shule. Nilikuwa nimengoja muda mrefu kuliko yeye, nadhani.

"Wamekuomba radhi?" nikauliza.

"Nani?"

"Kamati. Mzee Boay. Mtu yeyote."

Paskalina alikuwa anakoroga sufuria kwa mikono miwili, funguo mbili zimefungwa kwenye ncha ya khanga yake.

"Maiki," akasema, "pisha mlango. Watoto wanatoka saa nne."